Bakuli la Japani lililopakwa utomvu wa mti: ni vanishi, ni sandarusi, au ni kitu gani?

Swali la leo limetoka kwa kaka mmoja seremala wa Pangani. Anasema mdogo wake ni baharia, kamletea zawadi bakuli dogo toka Japani, nje jeusi ndani jekundu, na kamwambia ile rangi ni utomvu wa mti. Yeye fundi hakuamini, kalikwaruza kwa kucha halikwaruziki, kapitisha pamba yenye thina kwa chini haikutoka hata doa. Sasa anauliza: ni kweli ni mti au ni stori za mabaharia? Ni kitu kimoja na sandarusi, ule ulimbo ambao babu yake alikuwa anachimba zamani? Na mche wake ukipatikana, unaweza kupandwa huku kwetu? Afu mwishoni kaongeza kwamba mke wake kagoma kulia kwenye hilo bakuli, anasema vitu vinavyong'aa namna ile vina sumu.

Kaka, mdogo wako hajakudanganya, na shemeji naye hajakosea sana. Ngoja nianze na mti.

Wajapani wanauita urushi, na utomvu wake, yaani laka, wanauita hivyohivyo; kitaalamu mti ni Toxicodendron vernicifluum. Asili yake ni China, ila Korea na Japani wanao miaka na miaka. Ukiuona hauna maajabu, mti wa kawaida tu, majani yamepangana kama ya mkrismasi hivi ila makubwa zaidi. Cha kushika hapa ni familia yake: ni ukoo mmoja na mwembe na mkorosho. Hilo liweke pembeni, tutalirudia kwa sababu ndo lenye faida kwako wewe mtu wa pwani.

Sasa sisi mafundi tukisikia laka akili inaenda moja kwa moja kwenye ile ya dukani, unachanganya na thina, unapiga na spreya, thina inapaa na hewa inabaki ngozi ngumu juu ya mbao. Ile ni laka ya kiwandani, imeshika soko toka miaka ya 1920 kwenye bodi za magari, na ukiirudishia thina inalainika tena, si unajua mwenyewe. Hii ya mti haina thina ya kupaa. Utomvu wenyewe ndo unajishika ukawa kitu kigumu, na ukishashika hakuna thina wala spiriti ya kuurudisha nyuma, ndo maana pamba yako imetoka safi. Mi napenda kusema laka ya mti haikauki, inaiva, kama embe lililofukiwa.

Na hapo nilijifunza kwa aibu. Miaka ya nyuma nilikuwa na kazi ya kupiga finishingi viti Dodoma, mwezi wa nane, na mteja mmoja alishanipa tyubu ndogo ya laka mbichi aliyorudi nayo safarini, akaniambia jaribu. Nikaiminya, kikatoka kitu kizito rangi ya chai ya maziwa, kina harufu ya uchachu kwa mbali, nikapaka kwenye mwiko wa mninga niliochonga mwenyewe na ndani ya dakika chache tu mbele ya macho yangu ile chai ikawa kahawia, kahawia ikawa inaelekea weusi. Nikafurahi, nikauanika juani kama ninavyoanika kila kitu. Jioni unanata. Kesho yake unanata. Wiki nzima unanata, na vumbi lote la Dodoma limelala juu yake kama mwiko umepakwa ulimbo wa kunasia ndege. Nikaukwangua kwa hasira nikaona nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, ijapokuwa hata hela sikutoa.

Nikarudi Dar nao, nikamsimulia mwenzangu mmoja anayejua kemia akanicheka sana, akasema we umekianika kitu kinachotaka maji. Nikapaka upya, safari hii nikauweka ndani ya katoni, chini nikatandika kitambaa kibichi, nikafunga. Keshokutwa yake asubuhi nagusa kwa mgongo wa kidole, umeshika, mgumu, mweusi wa kung'aa.

Sababu ni hii. Kwenye ule utomvu, sehemu kubwa, mara nyingi asilimia 60 na kitu, ni mafuta fulani yanaitwa urushioli. Yanayobaki mengi ni maji, halafu kuna gundi ya sukari kidogo na kimeng'enya kidogo sana, hakifiki hata asilimia moja, kinaitwa lakasi, chenye madini ya shaba ndani yake. Hicho kimeng'enya ndo fundi mwenyewe. Kinachukua oksijeni ya hewani na kuitumia kuunganisha urushioli moja na nyingine mpaka zinakuwa wavu mmoja usiofumuka, ila hakifanyi kazi kwenye hewa kavu, kinataka unyevu wa asilimia 70 mpaka 85 hivi na joto la kati ya nyuzi 20 na 30. Ndo maana mafundi wa Japani wana kabati maalumu la mbao, wanalilowesha ndani, vitu vilivyopakwa vinaingizwa humo kuiva. Aliyekigundua hicho kimeng'enya ni Mjapani Hikorokuro Yoshida mwaka 1883, na jina la lakasi likaja baadaye kwa Mfaransa Gabriel Bertrand. Kwa hiyo hali ya hewa ya Pangani ambayo wewe unailaani kila masika vanishi inapopiga ukungu mweupe, kwa laka hii ingekuwa neema.

Hicho kisa cha mwiko kina mkia. Siku ile Dar nilivaa glavu mkono mmoja tu, mkono wa kushoto nikasema ah, nashika kwa ncha za vidole. Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili kimya. Ya tatu naamka kope zimevimba nimekuwa kama bondia, katikati ya vidole vipele vyenye maji, vinawasha mpaka usiku silali, na ikachukua kama wiki mbili kupoa. Hapo ndo shemeji anapopata pointi zake, kwa sababu ile urushioli mbichi ni mwasho mkali kuliko unavyofikiri, ni aleji, mwili unaikumbuka, na ndo sumu ileile iliyoko kwenye mmea wa Marekani unaoitwa poison ivy ambao jamaa zetu walioko kule wakienda kutembea porini wanaujua vizuri. Ikikugusa mbichi usikimbilie maji kwanza, futa kwa mafuta ya kula, halafu ndo sabuni. Ila hiyo ni mbichi. Ikishaiva ule wavu umeishika yote, haina tena pa kutokea, na watu wa Asia ya Mashariki wamekula supu za moto humo vizazi kwa vizazi.

Namna inavyotolewa, mtu wa pwani ataelewa haraka, fikiria mgema wa tembo. Mgema wa Japani anangoja mti ufike miaka 10 mpaka 15, halafu kuanzia mwezi wa sita anaanza kuuchanja. Kwanza anaparua gome la nje kwa kisu kilichopinda, halafu anapiga chale moja ya kulala, fupi, na chombo chenye makali mawili, moja la kuchimba mfereji na jingine la kufungua mfereji huo kwa ndani. Utomvu unatoka matone tu, hautiririki kama mpira, anaukomba na kijiko bapa cha chuma anaweka kwenye kindoo cha gome. Anaondoka, anarudi baada ya siku kama nne mti ukiwa umejaribu kuponya kidonda, anapiga chale nyingine juu ya ile, ndefu kidogo zaidi. Hivyo hivyo mpaka vuli, shina zima limejaa chale kama mgonjwa aliyepita kwa waganga wote.

Na unajua mti mmoja kwa msimu mzima unatoa kiasi gani? Gramu 200 hivi. Robo kilo haifiki! Na kwa njia ile ya Kijapani wakimaliza msimu wanaukata, unachipua upya toka mizizini na kusubiriwa tena miaka mingine kumi. China wanako kuchanja kwa upole, mti unapumzishwa na kuchanjwa tena miaka inayofuata. Sasa piga hesabu mwenyewe kwa nini kitu ni ghali, na kwa nini laka nyingi inayotumika Japani, zaidi ya asilimia 90, inatoka China. Ya kwao wenyewe kwa sehemu kubwa inatoka Joboji, mkoa wa Iwate kule kaskazini, na serikali yao ilitoa mwongozo kwamba majengo ya urithi wa taifa yakikarabatiwa yapakwe laka ya nyumbani, basi ndo wagema wachache waliobaki wamepata kazi kupita uwezo wao. Na kama ilivyo kwa tembo, mgema akisifiwa... laka ya kuchakachuliwa kwa mafuta nayo ipo toka enzi, wanunuzi wa zamani walikuwa na mbinu zao za kuipima.

Uzee wake ndo unanishangaza kuliko yote. Hokkaido, kisiwa cha kaskazini mwa Japani, wamefukua vitu vilivyopakwa laka nyekundu vya miaka kama 9,000 iliyopita. Hemudu kule China kuna bakuli la mbao jekundu la miaka kama 7,000, yaani kaka, hilo bakuli lako lina babu ambaye alishazeeka kabla mapiramidi hayajaanza kujengwa. Kaburi la bibi mmoja wa kitajiri wa enzi za utawala wa Han hukohuko China, lile la Mawangdui lililofunguliwa 1972, lilikuwa na vyombo vya laka zaidi ya mia moja, baada ya miaka zaidi ya 2,000 ardhini. Na mwaka 1874 meli ya Kifaransa, Nil, ilizama pwani ya Japani ikiwa inarudisha vitu vilivyokwenda kwenye maonyesho ya kimataifa ya Vienna, Austria, na baadhi ya vile vya laka vilivyoopolewa chini ya bahari baadaye vilikutwa havijaharibika. Maji ya chumvi! Wewe unayetengeneza milango ya hoteli za ufukweni unajua maana ya hicho ninachosema.

Ila ina adui zake, nao ni jua na ukavu. Wale askari wa udongo wa mfalme Qin Shi Huang waliogunduliwa na wakulima China mwaka 1974, watu wengi wanadhani walitengenezwa kijivu vile. Walikuwa na rangi kali, nyekundu, kijani, zambarau, na chini ya rangi kulikuwa na koti ya laka kama praima. Miaka elfu mbili ndani ya udongo wenye unyevu ilitulia, wakafukuliwa, hewa kavu ikawapiga, laka ikajikunja kama ganda la kitunguu ndani ya dakika chache na kuondoka na rangi yote. Wataalamu imebidi watafute dawa za kuishika palepale shimoni kabla haijapoteza maji yake.

Rangi zake nazo zina siri kidogo. Nyeusi ya bakuli lako si ya mkaa, mara nyingi ni chuma, kinatiwa kwenye laka kinashikana na urushioli na kuwa nyeusi ya ndani kwa ndani. Nyekundu ni madini ya zebaki na salfa, au kutu ya chuma. Nyeupe safi haipatikani, laka yenyewe ni ya kahawia, ukitia nyeupe unapata rangi ya chai ya rangi iliyowekwa maziwa kidogo. Wachoraji wa Vietnam walioanza kuichora laka kama picha za ukutani, pale kwenye chuo cha sanaa kilichofunguliwa Hanoi mwaka 1925, walikuwa wanabandika maganda ya mayai kipande kwa kipande pale wanapotaka nyeupe, halafu wanapiga laka juu, wanapiga msasa wa maji mpaka ganda linachungulia. Laka yao inatoka mti mwingine wa ukoo huohuo, na ile ya Bagan kule Myanmar mti mwingine tena, huko wanapaka vikapu vya mianzi na manyoya ya farasi yaliyosukwa, ukikibonyeza kikombe kinanepa na kurudi. China wao walipiga makoti mpaka mia na zaidi halafu wakachonga humo maua kwa kisu kama wanachonga mbao. Fikiria uvumilivu huo, sisi mteja anapiga simu jioni kuuliza kabati limeisha?

Sasa sandarusi ya babu. Hapana kaka, si kitu kimoja, ingawa najua kwa nini umefananisha. Vijana wa leo ukiwaambia sandarusi wanajua mfuko wa kubebea mkaa tu, lakini babu zetu wa Mrima waliijua sandarusi yenyewe, ule ulimbo mgumu wa mti wa msandarusi unaozama ardhini na kukaa huko muda mrefu mpaka unakuwa kama kioo cha manjano, wakati mwingine na mdudu ndani. Ya kuchimba ndo ilikuwa na bei, ngozi yake ina vipele kama ya bata aliyenyonyolewa. Ile mpya ya mtini iliitwa chakazi, Waingereza wakaisikia wakaitamka jackass, yaani punda, na kwenye vitabu vyao vya biashara ikabaki hivyo hivyo! Karne ya 19 ilikuwa moja ya bidhaa kubwa za Zanzibar, Wamarekani wa Salem kule Massachusetts waliisomba kwa meli za matanga, ikaoshwa, ikayeyushwa kwenye moto mkali, ikachanganywa na mafuta ya kitani na tapentaini, ikawa vanishi ya magari ya farasi na samani za matajiri.

Kwa hiyo sandarusi ni ulimbo mgumu ambao binadamu anauyeyusha kuutengeneza vanishi. Urushi inatoka mtini ikiwa tayari, hata bila jiko. Na shelaki ile ya magamba unayoloweka kwenye spiriti ni ya tatu kabisa, hiyo inatoka kwa wadudu wadogo wa India na Thailand, na ni kutoka kwa hao wadudu Wazungu walipata neno lao la laka, na sisi tukapata lakiri ya kufungia barua kupitia Mreno. Jina la mdudu likaja kuvishwa utomvu wa mti, ndo vurugu yote ikaanzia hapo.

Ndugu yake wa kweli kwetu ni mkorosho. Nenda Mtwara au Lindi kawaangalie akina mama wanaobangua, vidole vyao vimebabuka vyeusi wasipopaka mafuta au majivu, ile ni kwa sababu ya mafuta ya ganda. Yale mafuta ukiyaangalia kikemia ni binamu wa urushioli, kichwa kinafanana na mkia ni uleule wa kaboni 15. Embe nalo, utomvu wa kikonyo ulionibabua mdomo nikiwa mtoto ni ukoo huohuo. Wajapani walilijua hilo, baada ya vita kuu ya pili, laka ikiwa adimu, wakatengeneza rangi kwa mafuta ya ganda la korosho wakiyapika na formalini kiwandani, na vitu vingi vinavyouzwa kwa sura ya laka vimepakwa hiyo. Haihitaji kabati la unyevu, unapaka kwa brashi au kupulizia. Mafuta ya ganda yanatumika pia kwenye breki za magari. Inauma kidogo kuona ganda linatupwa au kuchomwa wakati kitu ni chetu.

Hapo ndo najibu la kupanda. Usihangaike. Mti ni wa nchi zenye kipupwe cha kweli, unangoja miaka kumi upate kikombe kimoja, watoto wakiuchezea wanavimba nyuso, na kuingiza mbegu bila kibali cha mamlaka ya afya ya mimea ni kesi. Kama unataka kujaribu laka yenyewe agiza tyubu ndogo, vaa glavu mikono yote miwili, na usianike juani. Na usikaribie kuchezea mafuta ya ganda la korosho ukidhani utapata laka jikoni, yakiwa mabichi yanababua na ukiyachoma moshi wake unababua macho.

Kuhusu bakuli lako, thina haiwezi kukupa jibu la mwisho, maana rangi nyingi za kisasa za viwandani nazo hazitoki kwa thina. Tafuta karatasi iliyokuja nalo au kibandiko cha chini, uangalie kama kuna herufi hii: 漆. Hiyo ndo urushi, kushoto matone ya maji, kulia mti na maji yakidondoka chini yake, yaani waliichora kazi ya mgema. Jingine, litie chai ya moto ulishike, kama ni mbao chini ya laka mkono hauungui, na ni jepesi kuliko unavyotegemea. Kama linatoa joto haraka na uzito wake ni wa plastiki, basi ni plastiki iliyopakwa rangi, nayo si mbaya kulia ila si ile.

Shemeji mwambie hivi. Kama bado lina ile harufu ya uchachu, liache wazi kabatini wiki kadhaa, mahali penye hewa na pasipo jua, harufu ikiisha ndo muanze. Ale uji, ale mchuzi, halina neno. Lioshwe kwa sponji laini na sabuni kidogo, lifutwe, lisilowekwe usiku kucha kwenye beseni, lisisuguliwe kwa steelwool wala mchanga kama sufuria, lisiingie maikrowevu, na lisianikwe kwenye kichanja uani pamoja na vyombo vingine. Ukilitumia kila siku ule weusi unazidi kupata kina na wekundu unazidi kufunguka, mwiko wangu wa mninga saivi una miaka zaidi ya kumi na bado unasonga ugali.